Si bure, ni huru: ujira wa watengeneza programu na dhulma tunayoifumbia macho

 

Ndugu msomaji, katika toleo hili tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo wengi watashangaa kuliona katika kurasa hizi: programu za kompyuta, hasa zile ziitwazo programu huria, na njia za halali za kujipatia riziki kwazo. Pengine mzee mmoja atasema kuwa ustadhi kaishiwa na maudhui. La hasha! Tunaliandika kwa sababu dhulma imefanyika hapa hapa Mwanza, imefanyika kwa jina la dini, nasi tulikuwapo.

Kisa chenyewe ni hiki. Taasisi moja ya elimu hapa mjini, ambayo hatutaitaja jina, ilipewa msaada wa kompyuta 14 zilizokwisha kutumika, zikiwa tupu. Kijana mmoja aliyesoma juzuu zake za mwanzo katika madrasa yetu, kisha akaenda chuo kusomea fani ya kompyuta, aliombwa azishughulikie. Akaweka Linux katika kila mashine. Akaweka LibreOffice kwa ajili ya barua na mitihani. Kisha akachukua programu huria ya kusimamia shule, akatafsiri kwa Kiswahili sehemu za ada na mahudhurio, akairekebisha ili itoe stakabadhi inayofanana na ile waliyoizoea wazazi, na akawafundisha makarani wawili namna ya kuitumia. Kazi hiyo ilimchukua wiki sita, akija kwa daladala kutoka Igoma asubuhi na kurejea baada ya Isha. Alipomaliza aliwasilisha hesabu yake: shilingi 450,000.

Kamati ikakaa. Mjumbe mmoja, mfanyabiashara, akamuuliza: "Programu hii uliinunua?" Kijana akajibu kuwa hakuinunua, ni huria, aliipakua kwenye intaneti. "Basi ikiwa wewe uliipata bure, kwa nini utuuzie sisi?" Vichwa vikatikisika kwa kukubali. Mwingine akaongeza kuwa kazi hii ni fi sabilillahi na ujira wake uko kwa Allah. Akapewa shilingi 30,000 za nauli, akaombewa dua ndefu, nasi tukaitikia amina. Naam, tulikuwamo kikaoni, na hatukusema neno.

Baada ya miezi minane mashine iliyohifadhi kumbukumbu za ada iliharibika. Hapakuwa na mtu aliyepewa jukumu la kutunza nakala, na kijana alikuwa amekwisha hamia Dar es Salaam. Taasisi ikanunua "mfumo wa kisasa" kwa mfanyabiashara mmoja, kwa shilingi milioni tatu na nusu. Kijana aliporudi kuwaona wazazi wake, tulimwomba autazame mfumo huo. Hakuchukua hata robo saa. Akafungua mafaili, akatuonyesha kuwa ni programu ile ile aliyokuwa ameiweka yeye. Jina limebadilishwa, nembo imepakwa nyingine, majina ya walioitunga yamefutwa, na waraka wa leseni umeondolewa. Tafsiri ya Kiswahili nayo haimo. Kwa hiyo watu wazima, wenye ndevu na tasbihi, walikataa kulipa laki nne na nusu kwa mkweli, kisha wakatoa milioni tatu na nusu kumpa mdanganyifu.

Tunauliza: kosa lilianzia wapi?

Kwa maoni yetu lilianzia katika neno. Kiingereza kina neno moja tu kwa maana mbili, yaani kitu kisicholipiwa na kitu kisichofungwa, na ndiyo maana Bwana Richard Stallman, Mmarekani aliyetangaza mradi wa GNU mwezi Septemba 1983, ametumia miaka mingi akiwaeleza watu wake kwamba alikusudia maana ya pili. Waarabu hawana taabu hiyo. Kwao hurr ni hurr na majjani ni majjani. Nasi tunaozungumza Kiswahili tumejaaliwa vile vile, tuna huru na tuna bure. Tena bure yetu ina sumu ndani yake, kwani twasema pia "amehangaika bure" tukiwa na maana kuwa hangaiko lake halina thamani. Mjumbe yule aliposema bure, maana zote mbili zilipita mdomoni mwake kwa pamoja.

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake wa chanzo, yaani maandishi aliyoyaandika mtungaji, uko wazi; mwenye kuipata anaruhusiwa kuitumia, kuichunguza, kuirekebisha na kuigawa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba ni haramu kuiuza. Stallman mwenyewe mwaka 1985 alikuwa akiuza kanda zenye programu yake ya Emacs kwa dola 150 kwa kila aliyetaka kupelekewa, ilhali mwenye kufikia mtandao aliweza kuichukua pasipo kulipa. Leseni ya umma ya GNU, toleo la pili la mwaka 1991 na la tatu la mwaka 2007, inaruhusu waziwazi mtu kutoza nakala bei aitakayo. Inalotaka ni kwamba mnunuzi naye apewe msimbo, asizuiwe kurekebisha wala kugawa, na majina ya waliotangulia yasifutwe. Kwa hiyo yule muuzaji wa milioni tatu na nusu hakukosa kwa kuuza. Alikosa kwa kuficha, na hilo wanafiqhi wanaliita tadlis, ndugu yake ghishi, na hukumu yake haihitaji mufti.

Tutazame ziwa letu hili. Maji yake si mali ya mtu, na wanazuoni wa fiqhi wamelieleza jambo hilo katika milango ya maji, malisho na moto. Lakini yule anayechota kwa dumu mwaloni, akalipandisha mlimani kwa mkokoteni au kichwani, na akalifikisha mlangoni kwako, unamlipa. Hakuna mtu wa Kirumba aliyewahi kumwambia mchota maji, "Maji ya ziwa ni ya Mungu, weka hapo uende zako." Wanafiqhi nao wamepambanua kati ya maji yaliyo mahali pake na maji yaliyokwisha kutiwa chomboni, na haya ya pili wameruhusu yauzwe. Kijana wetu alichota, alibeba, alifikisha. Lakini atakayekuja kuweka seng'enge ufukweni na kusema kuanzia leo ziwa ni lake, huyo hata watoto wa mwaloni watamzomea. Msimbo umelizidi ziwa kwa jambo moja: sangara hupungua kwa kuvuliwa, nao msimbo haupungui hata ukichotwa na dunia nzima.

Kwa wanafunzi wa elimu ya dini, mfano ulio karibu zaidi ni wakfu. Leseni za jamaa ya GNU zinashabihiana na wakfu wenye sharti: kilichotolewa kwa wote hakirudi kuwa cha mmoja, na kilichojengwa juu yake kikigawiwa hufuata hukumu ya asili yake. Wanafiqhi wetu wanalipa sharti la mweka wakfu uzito mkubwa sana, hata wakalilinganisha na andiko la sheria katika ulazima wa kulifuata. Ziko leseni nyingine zilizo nyepesi, kama ile ya BSD, zinazofanana zaidi na hiba: aliyepewa anaweza kuingiza alichopewa katika bidhaa yake mwenyewe na kuifunga, maadamu ametaja jina la mtoaji. Anayetaka kufanya biashara na asidhulumu, kazi yake ya kwanza ni kusoma leseni. Wengi wa vijana wetu hawaisomi. Wanabonyeza "nakubali" kama mtu anayeitikia amina kwenye dua asiyoisikia.

Sasa tuwajibu wale wasemao kuwa elimu haiuzwi. Sisi walimu wa madrasa tunalijua neno hili vizuri mno, kwa kuwa tumekula nalo chakula cha jioni miaka mingi. Wanazuoni wa mwanzo wa madhehebu ya Hanafi walikataza ujira wa kufundisha Qur'ani. Waliokuja baada yao, walipoona posho za Baitul-mali zimekatika na wafundishaji wanaacha kufundisha ili wakatafute riziki, wakaruhusu kwa kuchelea elimu isipotee; na wanazuoni wa Maliki na Shafii walikuwa wameruhusu tangu awali. Ikiwa mwenye kufundisha Kitabu cha Allah ameruhusiwa kuchukua ujira, vipi mwenye kufunga mtambo wa kuhesabia ada za shule anyimwe? Na ikiwa mnataka iwe sadaka, basi sadaka hutolewa na mwenye mali kwa ridhaa yake. Haitolewi na kikao kwa niaba ya kijana ambaye nauli yenyewe alikopa.

Haki ituongoze tuseme na upande wa pili. Mjumbe mmoja aliyesoma alitukumbusha kauli mashuhuri katika madhehebu ya Imam Shafii, kwamba aliyefanya kazi bila kutaja ujira hastahiki ujira. Kauli hiyo ipo kweli. Ipo pia kauli nyingine katika vitabu vile vile, kwamba ikiwa mtu anajulikana kufanya kazi hiyo kwa malipo, basi apewe ujira wa mfano, na wapo wanazuoni walioiona hiyo kuwa nzuri. Lakini hata hivyo kijana alikosea. Alianza kazi bila mkataba, kwa kuwaonea haya wazee wake. Katika ijara, kazi na ujira sharti vijulikane kabla mkono haujanyanyuliwa. Enyi vijana mlio katika fani hii, andikeni: nitafanya hiki, kwa muda huu, kwa bei hii, na baada ya hapo utunzaji ni kiasi hiki kwa mwezi. Kumwandikia sheikh mkataba si utovu wa adabu.

Wapo watakaouliza kama kweli mtu anaweza kuishi kwa njia hiyo, au ni nadharia tu. Waende kwenye zahanati yoyote ya Sengerema au Ukerewe waone vitabu vya MTUHA ambavyo muuguzi anavijaza kila siku. Takwimu za vitabu hivyo huishia katika mfumo uitwao DHIS2, ambao ni programu huria chini ya leseni ya BSD, iliyokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo huko Norway pamoja na washirika wa nchi nyingi, wakiwamo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wizara ya Afya ilianza kuueneza nchini kote katika miaka ya 2010. Programu hailipiwi hata senti. Wanaolipwa ni watu: anayeurekebisha ulingane na fomu zetu, anayewafundisha maofisa wa wilaya, anayeamka usiku seva inapozima. Ujuzi umebaki nchini, na mshahara pia.

Au wautazame mfano wa Koha, programu ya maktaba inayotumika hata katika vyuo vya nchi yetu. Mwaka 1999 maktaba ya wilaya moja ndogo huko New Zealand, Horowhenua, ilihitaji mfumo mpya. Badala ya kununua uliofungwa, ikawalipa watengenezaji wautunge, na ulipoanza kazi mwaka 2000 ukaachwa huria kwa dunia nzima. Waliolipwa walilipwa mara moja, kwa kazi inayojulikana, na waliofaidika hawana idadi. Jina lenyewe ni la lugha ya Wamaori, maana yake zawadi. Lakini mwaka 2011 ilibainika kuwa kampuni moja ya Marekani imeomba jina hilo lisajiliwe huko New Zealand kuwa alama yake ya biashara. Maktaba ile ndogo ikapinga, watu wa nchi nyingi wakaichangia, na mwishowe ombi la kampuni likakataliwa. Wenye seng'enge hawakosekani popote.

Njia ya michango nayo ni halali, ila tusiitegemee peke yake. Mwaka 2014 ilipogunduliwa kasoro kubwa katika OpenSSL, programu inayolinda siri za sehemu kubwa ya intaneti, dunia ilishangaa kusikia kuwa walioitunza walikuwa wakipata kiasi cha dola 2,000 tu za michango kwa mwaka, ilhali mabenki na makampuni makubwa yakiitumia bila kulipa chochote. Mwaka 2024 likatokea la kutisha zaidi: programu ndogo iitwayo xz, iliyokuwa ikitunzwa na mtu mmoja aliyechoka, kwa kujitolea, ilipandikizwa mlango wa siri na mtu aliyejifanya msaidizi mwema kwa zaidi ya miaka miwili. Mhandisi mmoja aliukuta kwa kushuku kuchelewa kwa sehemu ya sekunde. Basi anayesema "afanye fi sabilillahi" ajue kuwa mchovu asiyelipwa ndiye mlango ambao mwizi huupitia.

Tugeukie sasa maduka yetu. Pita Makoroboi au Mlango Mmoja na kompyuta yako. Utawekewa Windows iliyovunjwa kufuli pamoja na kila kikorokoro chake, kwa fedha kidogo. Muuzaji ni Mwislamu, anafunga duka wakati wa swala, na hajawahi kujiuliza anauza nini. Wengine hujitetea kuwa mwenye mali ni tajiri wa Marekani, hana dhiki. Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya nchi za Kiislamu lilikwisha toa uamuzi huko Kuwait mwezi Desemba 1988, uamuzi namba 43, kwamba haki za utungaji na uvumbuzi ni haki zenye thamani ya mali, zinalindwa kisheria na haijuzu kuzivamia. Sheria ya nchi yetu ya Hakimiliki ya mwaka 1999 nayo inazilinda. Lakini hata ukiacha hukumu, tazama madhara yake kwa kijana wetu: shule gani itamlipa aweke Linux na kuitunza, ikiwa programu ya wizi inapatikana kwa bei ya sahani mbili za chipsi? Anayemuumiza zaidi huyo mwenye duka si tajiri wa Marekani. Ni jirani yake wa Igoma.

Tena ipo njia nyingine ya mapato inayojificha chini ya neno bure, nayo tunaitahadharisha kwa sauti kubwa. Mwezi Novemba 2020 waandishi wa habari wa Marekani walifichua kuwa programu ya nyakati za swala iitwayo Muslim Pro, iliyopakuliwa na mamilioni ya Waislamu, ilikuwa ikipeleka taarifa za mahali walipo watumiaji kwa kampuni ya X-Mode, ambayo miongoni mwa wateja wake walikuwamo wakandarasi wa jeshi la Marekani. Wenye programu walitangaza kukata uhusiano huo mara moja. Mtu anataka kujua kibla, naye anauzwa alipo! Msimbo ukiwa wazi, mwenye ujuzi anaweza kuuchungulia na kuona unapeleka nini na wapi. Hilo peke yake lingetosha kuwafanya wenye misikiti na madrasa waache ubahili.

Wala wasiseme kwamba mambo haya ni mageni kwetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili kuanzia menyu hadi maonyo yake. Ni ofisi ngapi za Kiislamu Kanda ya Ziwa zilizowahi kuifungua? Tafsiri ya programu haimaliziki. Kila toleo huja na maneno mapya, na fedha za mradi zikikatika mfasiri hurudi kuuza vocha. Tungalikuwa na desturi ya kutenga hata laki moja kwa mwaka kwa kila shule, kazi ya namna hiyo isingalisubiri hisani ya mtu wa mbali.

Tunaiomba kila kamati inayosoma waraka huu ifanye mambo machache yanayowezekana. Bajeti iwe na fungu la utunzaji wa kompyuta, mbali na fungu la kununulia. Muuzaji wa mfumo wowote aulizwe kwa maandishi: asili yake nini, leseni yake ipi, na msimbo tutaupata? Akikataa kujibu, asilipwe. Na kijana apewe mkataba kabla ya kupewa chai.

Ama deni letu, hesabu yake iko wazi. Katika shilingi 450,000 zilipolewa 30,000, zimebaki 420,000. Tumempigia simu kijana na kumwomba radhi kwa kunyamaza kwetu, akacheka, akasema amekwisha sahau. Hatukuamini kuwa amesahau. Tumetuma 50,000 kutoka mfukoni mwetu, na hoja ya 370,000 zilizobaki tumeiandika na kuikabidhi kwa katibu wa kamati. Kikao ni Jumamosi baada ya Adhuhuri, na safari hii tutasema.